Dume Tasa: Habari za Kwisha kwa Mbung'o wa Unguja

Wasomaji wetu wa bara hawana haja ya kuelezwa mbung'o ni mdudu gani. Wengine humwita ndorobo, wengine humwita kwa jina la lugha ya kwao, lakini wote wamjua: nzi wa rangi ya kahawia, ambaye akitua hulaza mabawa yake moja juu ya la pili kama mkasi uliofungwa, na akiuma, huuma hata juu ya nguo. Katika damu aliyoinyonya kwa mnyama mmoja huchukua vijidudu, akavitia katika mwili wa mwingine. Kwa ng'ombe ugonjwa huo huitwa nagana. Kwa wanadamu huitwa malale. Ziko sehemu kubwa za nchi yetu ambazo tangu zamani hazikufugwa ng'ombe, wala si kwa kuwa watu wake ni wavivu au hawapendi maziwa, bali kwa sababu ya nzi huyu tu.

Katika kurasa hizi twataka kusimulia jinsi kisiwa kimoja, Unguja, kilivyoondolewa mbung'o, asionekane tena hata mmoja, pasipo kufyeka msitu wala kuua wanyama wa mwitu. Walimalizwa kwa kuongezewa mbung'o wengine. Alisikiaye neno hili mara ya kwanza hulidhani kuwa ni mzaha, ijapokuwa wazee wetu husema dawa ya moto ni moto. Tena twataka kuonyesha mambo mawili yasiyojulikana na wengi. La kwanza, jaribio la njia iliyo ndugu ya hii lilifanywa Shinyanga, katika nchi yetu wenyewe, miaka 10 kabla ya Wamarekani kufaulu kwao. La pili, katika habari hizi zote, kushinda na kushindwa kulitegemea mpaka wa mahali kama kulivyomtegemea nzi mwenyewe.

Ni mwaka wa 1895 alipotambua daktari Mwingereza, David Bruce, huko Ubombo katika nchi ya Wazulu, ya kuwa nagana huletwa na mbung'o. Wawindaji na wachungaji walikuwa wamemshuku nzi huyu tangu zamani, lakini Bruce ndiye aliyemwona kijidudu mwenyewe katika damu. Muda si mwingi baadaye ikaja balaa ya malale katika Uganda, kando ya ziwa la Victoria na katika visiwa vyake. Baina ya mwaka wa 1900 na 1920 walikufa watu zaidi ya 200,000, na serikali ikawahamisha waliosalia pwani ya ziwa, mashamba yao yakarudi kuwa mwitu.

Basi njia za kupigana na mbung'o katika siku zile zilikuwa tatu: kuwahamisha watu, kuwaua wanyama wa mwitu ambao mbung'o hula damu yao, na kufyeka vichaka akaamo. Katika Rhodesia ya Kusini na katika nchi ya Wazulu walipigwa risasi wanyama maelfu kwa maelfu. Katika Shinyanga, bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o katika Tanganyika hata alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka wa 1938, alifanya shauri na watemi wa Wasukuma, na watu wakatoka kwa maelfu na mashoka yao kufyeka nchi. Kazi ile ilifaa kweli, nasi hatuidharau. Ziko nchi za malisho leo ambazo zilipatikana kwa jasho lile. Lakini kichaka hakina subira. Mahali palipofyekwa wasipokaa watu na mifugo, miti huchipuka, na mbung'o hurudi nyuma ya miti.

Kabla ya kuendelea yatupasa kumtazama nzi huyu katika uzazi wake, maana humo ndimo zilimo nguvu zake na udhaifu wake. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o hatagi. Jike huchukua buu mmoja tu tumboni, akamlisha humo kwa maziwa ya mwili wake, hata akiisha kukua humzaa juu ya ardhi. Yule buu hujichimbia udongoni, ngozi yake ikawa gamba gumu jeusi, akakaa humo majuma kadha kabla ya kutoka ana mabawa. Baada ya siku 9 au 10 jike huzaa mwingine. Kwa hiyo twaweza kusema ya kuwa mdudu huyu huzaa kama ng'ombe, si kama nzi, na watoto wa maisha yake yote hawazidi wachache. Tena liko neno jingine: jike kwa desturi hukutana na dume mara moja tu, katika ujana wake, naye huiweka mbegu ile mwilini, akaitumia mpaka kufa. Akikosea katika kumchagua mume, amekosea maisha yake yote.

Sasa twarudi Shinyanga. Katika kituo cha utafiti alikuwako mtu mmoja, F. L. Vanderplank, aliyekuwa akichungua aina mbili za mbung'o: mmoja ndiye aliyepewa jina la Swynnerton, na wa pili ni yule ambaye wataalamu humwita morsitans. Akaona ya kuwa aina hizi mbili hukutana bila kubaguana, lakini ndoa yao haina baraka. Watoto hupatikana wachache mno, na madume katika hao ni tasa, na majike nao hawana uzazi wa kutosha. Vanderplank akawaza: je, nikiwaleta morsitans wengi katika nchi ya swynnertoni, hawataharibiana uzazi?

Mwaka wa 1944 akaanza kujaribu. Alichagua mahali pakavu penye eneo la kilometa 26 za mraba, palipokaliwa na swynnertoni peke yao, na palipotengana na nchi nyingine zenye mbung'o. Kwa muda wa miezi 7 akamwaga hapo magamba ya morsitans zaidi ya 100,000, nao wakatoka na kuruka. Wale wenyeji wakapungua hata karibu kwisha, wageni wakachukua mahali pao. Lakini wageni nao ukame ule haukuwafaa, kama yeye alivyotazamia tangu mwanzo, nao wakafifia. Twapenda sana akili ya jambo hili. Hakutumia sumu wala mashine; alitumia desturi za nzi wawili na ukavu wa nchi.

Mbona basi jina lake halitajwi? Miaka ile ilikuwa ya vita kuu, na habari kamili za jaribio lile hazikuchapishwa wakati huo, ila maneno machache katika magazeti ya wataalamu. Baada ya vita zikaja dawa mpya za kuua wadudu, watu wote wakazikimbilia. Huko Moscow pia alikuwako mwalimu wa elimu ya urithi, A. S. Serebrovskii, aliyeandika mwaka wa 1940 wazo lililo jirani na hili. Naye kazi yake haikuvuka mipaka ya nchi yake kwa wakati ule. Na huko Marekani alikuwako wa tatu. Watu watatu katika mabara matatu walikuwa wakilifikia jambo moja, wala hakuna aliyemjua mwenziwe.

Huyo wa tatu, Edward F. Knipling, alizaliwa mwaka wa 1909 katika jimbo la Texas, mtoto wa shamba. Adui aliyemjua tangu utotoni si mbung'o, bali ni nzi mwingine ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai. Funza wengine hula uozo; hawa hula uzima. Mnyama akiwa na mkwaruzo wa mwiba, au ndama ana kitovu kibichi, nzi hutaga mayai pembeni mwa kidonda, funza huingia na vichwa vyao chini, kidonda hupanuka, na nzi wengine huja kwa harufu yake. Ng'ombe mzima aweza kufa kwa siku chache, na mtu vilevile hudhurika. Wachungaji wa Texas walikuwa wakikagua kila mnyama na kupaka dawa kila jeraha, mwaka baada ya mwaka.

Katika miaka ya 1930 Knipling aliwatazama nzi hawa katika vizimba, akaona ya kuwa dume hurukia majike wengi, lakini jike akubali mara moja tu. Hapo wazo likamjia: kama tungeweza kulea madume kwa wingi, tukawafanya tasa, tukawaachilia, kila jike atakayepatana na mmoja wao atataga mayai yasiyoanguliwa. Wenzake walimcheka, na kusema kweli hakuwa na njia ya kuwafanya nzi tasa pasipo kuwaua. Akakaa na wazo lake zaidi ya miaka 10. Hata mwaka wa 1950 akasoma maandiko ya H. J. Muller, yule aliyeonyesha mwaka wa 1927 ya kuwa mionzi ya eksirei huharibu mbegu za uzazi wa nzi wadogo wa matunda. Knipling akamwandikia kumwuliza, naye akajibu kwamba yamkini jambo litawezekana. Mwenzake, Raymond C. Bushland, hakuwa na mashine ya eksirei. Akaenda kuomba nafasi ya kutumia ile ya hospitali ya askari mjini San Antonio. Magamba ya nzi yakawekwa mahali ambapo kwa kawaida huwekwa mfupa wa askari uliovunjika. Wakatoka nzi wazima, wenye kuruka na kula na kutafuta majike, lakini tasa.

Sisi tufundishao watoto hesabu twaona uzuri wa pekee katika hesabu za Knipling, nasi twawaomba wasomaji watuvumilie kidogo. Tuseme nchi fulani ina majike milioni 1 na madume milioni 1, na kila kizazi huacha kizazi kingine sawa na chenyewe. Tukiachilia madume tasa milioni 2, jike mmoja tu katika kila watatu atapata dume mzima. Basi kizazi cha pili kitakuwa na majike 333,333. Tukiachilia tena milioni 2 zile zile, sasa madume tasa ni 6 kwa kila mzima 1. Majike wa kizazi cha tatu watakuwa 47,619. Mara ya tatu tasa ni 42 kwa mzima 1, nao wa kizazi cha nne watakuwa 1,107. Mara ya nne, tasa wamezidi 1,800 kwa kila mzima, na hesabu yatoa chini ya jike mmoja. Kwisha.

Tulinganishe na sumu iuayo nzi 90 katika kila 100. Milioni 1 watakuwa 100,000, kisha 10,000, kisha 1,000, kisha 100. Kazi ya kuwaua wale 100 wa mwisho waliotawanyika katika nchi nzima ina gharama sawa na kazi ya siku ya kwanza, tena sumu haiwezi kumtafuta nzi aliyejificha. Dume tasa humtafuta jike mwenyewe, popote alipo, wala hachoki kwa kuwa wamebaki wachache. Jinsi wanavyopungua, ndivyo anavyozidi kuwa na nguvu juu yao. Lakini hesabu hiyo hiyo yatuonyesha kwamba ni upotevu kuanza nzi wakiwa wengi mno. Yafaa kwanza kuwapunguza kwa dawa au mitego, ndipo madume waje wamalize. Vilevile yatuonyesha la kuogopwa: jike mmoja aliyekwisha kupata mimba huko nje akaingia, hana haja na dume yeyote, tasa wala mzima.

Ndilo lililotokea katika kisiwa cha Sanibel, karibu na Florida, walipojaribu kwanza. Nzi walipungua sana, wasiishe, maana bara ilikuwa karibu, na majike wenye mimba walivuka. Basi wakatafuta kisiwa cha mbali zaidi. Mwaka wa 1954 wakaenda Curaçao, kisiwa cha Waholanzi kilicho kama kilometa 65 kutoka pwani ya Venezuela, chenye mbuzi wengi na vidonda vingi. Nzi walilelewa Florida, wakasafirishwa kwa ndege kila juma, wakamwagwa juu ya kisiwa kizima. Katika miezi michache tu hayakuonekana tena mayai yenye uhai.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Katika mji wa Sebring palijengwa kiwanda cha kulea nzi milioni 50 kila juma, na mwaka wa 1959 Florida ikawa safi. Kisha Texas na majimbo jirani, kisha Mexico mwaka wa 1991, kisha nchi za Amerika ya Kati moja moja, hata kufika Panama, ambako bara ni nyembamba. Hapo wakasimamisha ukuta, lakini si wa mawe: ni nzi tasa wamwagwao daima katika misitu ya Darién, ili nzi wa Amerika ya Kusini wasipite. Afrika nayo iliguswa. Mwaka wa 1988 nzi huyo alionekana Libya, amekuja pamoja na mifugo iliyonunuliwa ng'ambo. Hofu ikawa kubwa, kwa kuwa angeweza kuenea mpaka kwetu, na wanyama wetu wa porini hawana wa kuwapaka dawa. Ndege zikaleta kutoka Mexico nzi tasa wapatao milioni 1,300, na jangwa pande zote likasaidia kazi. Hata mwishoni mwa mwaka wa 1991 nchi ilikuwa imesafika.

Wadudu wengine waliopigwa vita kwa njia hii ni wengi, hatutawataja wote. Katika visiwa vya Okinawa nzi wa matikiti alikwisha mwaka wa 1993, navyo ni visiwa tena. Mbu amekuwa mgumu zaidi, maana huzaa upesi na kwa wingi, na kwa kuwa jike ndiye aumaye, lazima wachaguliwe madume peke yao kwa uangalifu. Huko India kazi ya namna hii juu ya mbu ilivunjika mwaka wa 1975, si kwa kushindwa elimu, bali kwa sababu magazeti na wabunge walishuku kwamba wageni walikuwa wakitafuta silaha za maradhi. Afanyaye kazi juu ya nyumba za watu asipowaeleza watu, wao watajieleza wenyewe.

Mbung'o naye alikuja kujaribiwa katika Tanganyika ile ile ya Vanderplank, sasa ikiwa Tanzania. Katika miaka ya 1970 Watanzania na Wamarekani walifanya kazi pamoja katika shamba la ng'ombe la Mkwaja, mkoani Tanga. Walichagua kilometa 195 za mraba, wakafyeka mkanda wenye upana wa kilometa 1 kuzunguka, wakanyunyiza dawa kwa ndege, kisha wakaachilia madume tasa wa morsitans. Kwa miezi 15 mbung'o wale walikuwa wamepunguzwa wapata 80 katika kila 100. Hiyo si kazi ndogo. Lakini wale 20 hawakwisha, kwa kuwa mkanda wa kilometa 1 haukuwazuia wageni kutoka nje. Elimu yote ya kulea na ya mionzi ilikuwa sahihi. Mpaka ndio uliokuwa dhaifu.

Tanga haikukata tamaa. Kituo cha utafiti wa mbung'o kikaendelea, mafundi wakajifunza kulea aina nyingine, Glossina austeni, mbung'o mdogo wa vichaka vya pwani. Aina hii ndiyo peke yake iliyokuwa Unguja. Pemba hakukuwa na mbung'o kabisa. Malale hayakuwapo Unguja, lakini nagana ilikuwapo, na mkulima aliyetaka kufuga ng'ombe wa maziwa wa aina bora aliwaona wakikonda na kufa. Austeni ni msiri. Hukaa chini chini katika kivuli, wala mitego ya kawaida humkamata kwa shida. Ikawabidi wachunguzi kusimamisha vibao vya buluu na vyeupe vyenye gundi ili kumnasa.

Tangu mwaka wa 1988 kazi ya kupunguza ilianza: ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa vichakani. Nzi wakapungua sana, lakini katika msitu wa Jozani na vichaka vyake hawakuisha. Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Katika siku za Swynnerton shauri lingekuwa kufyeka Jozani. Na Jozani ndiko aliko kima punju, ambaye duniani pote hapatikani mahali pengine ila visiwa vya Zanzibar. Kama mashoka yangeingia, ng'ombe wangepona na kima wangepotea. Na nani angewalaumu wakulima?

Badala ya mashoka zikaja ndege. Serikali ya Tanzania na ya Zanzibar zilishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na kiwanda chenyewe kikawa Tanga. Kazi ya kiwanda hicho yafaa kuelezwa, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya watu wetu. Damu ya ng'ombe ilitwaliwa machinjioni, ikapashwa moto wa mwili, ikatandazwa chini ya utando mwembamba mfano wa ngozi. Vizimba vya nzi vikawekwa juu yake, nao wakachoma utando na kunyonya, wakidhani ni ng'ombe. Siku ya kula ikipita bila damu safi, jike huharibu mimba. Basi kazi ile haikujua Jumapili wala sikukuu. Kutenga madume na majike kulisaidiwa na nzi wenyewe: katika magamba yaliyozaliwa siku moja, majike hutangulia kutoka kwa siku moja au mbili. Hao walirudishwa kizimbani kuzaa, na waliotoka nyuma, madume, wakapelekwa kwenye mionzi.

Ilikuwako shida nyingine isiyokuwako kwa nzi wa Knipling. Mbung'o dume naye huuma. Kumwachilia nzi aumaye ili kuponya watu na nzi aumaye kulihitaji hadhari. Kwa hiyo madume walilishwa kwanza damu iliyotiwa dawa ya nagana, ili wasije wakachukua vijidudu.

Kuanzia mwaka wa 1994 ndege ndogo iliruka juu ya Unguja mara mbili kila juma, ikidondosha maboksi ya karatasi ambayo hufunguka yakianguka na nzi wakatoka. Kwa jumla madume tasa walioachiliwa walizidi milioni 8. Wachunguzi waliowapasua majike wa mwituni waliona mimba zilizokufa changa, wakajua madume wanafanya kazi. Kisha idadi ya majike hao ikapungua vibaoni, wakawa mmoja mmoja. Mbung'o wa mwisho wa kuzaliwa Unguja alinaswa mwezi wa Septemba mwaka wa 1996. Hawakusimama hapo, nzi tasa waliendelea kumwagwa hata mwezi wa Desemba mwaka wa 1997, mwaka mzima na zaidi, ili kama yuko jike aliyejificha apate mume asiyefaa. Ndipo kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Miaka iliyofuata wakulima wa Unguja waliongeza ng'ombe wa maziwa, na wengine wakapata maksai wa kulimia. Msitu wa Jozani ulibaki, na mwaka wa 2004 ukawa sehemu ya hifadhi ya taifa.

Habari ya Unguja ilileta furaha kubwa, na furaha huleta haraka. Mwezi wa Julai mwaka wa 2000 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Lomé walikata shauri la kumwondoa mbung'o katika bara zima. Wataalamu wengine wakapinga, wakisema kisiwa kimoja chenye aina moja ya nzi si kipimo cha bara lenye aina nyingi na nchi zaidi ya 30, na kwamba fedha ile ingefaa zaidi kwa mitego na dawa mikononi mwa wafugaji. Kwa maoni yetu wapinzani walisema kweli katika jambo la mpaka, lakini walikosea kudhani kwamba mipaka haipatikani bara. Ethiopia ilijenga kiwanda kikubwa Kaliti karibu na Addis Ababa, na kazi katika bonde la kusini imekuwa nzito na ndefu. Senegal, kwa upande wake, ilichagua nchi ya Niayes, karibu na Dakar, baada ya kupima kwanza na kuhakikisha kwamba nzi wa hapo wametengana na wenzao wa bara. Na huko wamefanikiwa sana. Wao walianza kwa kutafuta mpaka, ndipo wakalea nzi.

Na mpaka, hata ukipatikana, huhitaji mlinzi. Ule ukuta wa nzi wa Darién ulisimama kwa miaka mingi, hata watu wakausahau. Kuanzia mwaka wa 2023 nzi wa funza za vidonda wakaanza kuuvuka kwa wingi, wakapanda Panama, Costa Rica na kwingineko, wakichukuliwa mara nyingi na ng'ombe wasafirishwao kwa siri. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2024 walionekana tena Mexico, nchi iliyokuwa safi tangu mwaka wa 1991. Kiwanda cha zamani cha Mexico kilikwisha kufungwa, kwa kuwa kilionekana hakina kazi tena. Kimebaki kile cha Panama peke yake, na mwaka wa 2025 ikawalazimu kuanza kugeuza kiwanda kingine, cha nzi wa matunda huko Metapa, ili kifanye kazi ile ya kale.

Mkondo wa bahari baina ya Unguja na bara una upana wa kilometa kama 36. Majahazi huuvuka kila siku na watu, kuni, mbuzi na ng'ombe. Ng'ambo yake, katika vichaka vya Saadani na Mkwaja, mbung'o wangaliko.